Mkeka wa ukindu, zulia la katani au kapeti la manyoya: kipi kikae sebuleni kwako?

Wiki iliyopita waliingia dukani mtu na mkewe. Mke ameshika simu, na kwenye kioo pana picha ya sebule nyeupe pe, chini limetandazwa kapeti la manyoya la kijivu, zito kama wingu la masika. Mume kabaki karibu na mlango, kavua viatu bila kuambiwa na mtu, anaikanyaga mikeka iliyokunjuliwa sakafuni kama anayejaribu maji ya bahari. Hawakuwa wamenuniana, lakini ungejua tu kwamba njia nzima wamekuja wakibishana. Mama, ambaye ndiye mwenye duka (sisi watoto ni wasaidizi tu, hata tukiota mvi), akawauliza: "Wanangu, kwenu mnakaa chini au mnakaa juu?"

Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amejiuliza hilo.

Mzigo mpya umetufikia, na simu za kuulizia haziishi. Mikeka ya ukindu kutoka Pemba, mazulia ya katani ya hapa hapa Tanga, mikeka ya plastiki, na makapeti ya manyoya ya rangi ambazo mwaka jana hatukuwa nazo: kijivu, maziwa, na kijani kama cha majani ya mchicha. Badala ya kumjibu kila mtu peke yake, naweka ulinganisho wote hapa. Vyote vinne tunauza, na faida nono kwetu iko kwenye kapeti. Lijue hilo kabla hujasoma ninavyolisema.

Kwanza tuvijue

Ukindu ni makuti machanga ya mkindu. Hukatwa kabla hayajafunguka, huanikwa juani mpaka yakawa meupe, kisha huchanwa kuwa chane nyembamba. Baadhi ya chane huchemshwa kwenye rangi, nyekundu, zambarau, kijani au manjano, na hapo ndipo zinaposukwa ukili, yaani mkanda mrefu wenye upana wa vidole viwili au vitatu. Ukili hupimwa kwa pima, mkono hadi mkono, halafu hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upatikane mkeka. Kwa hiyo mkeka haufumwi mzima kama kitambaa. Ni mkanda ulioshonwa, na kilichoshonwa hufumuliwa kikashonwa tena. Shika hilo, tutalirudia.

Usichanganye ukindu na miyaa. Miyaa hutoka kwenye mkoma, ni mipana na migumu zaidi, na ndiyo inayotoa majamvi na makanda. Jamvi ni zuri kibarazani na kwa kuanikia nafaka, lakini likae sebuleni ukalilalie, utaamka una michoro mgongoni. Wapo wanaotia jamvi rangi na kuliuza kwa bei ya mkeka. Pitisha kiganja juu yake: ukindu huteleza, miyaa hukwaruza.

Katani, yaani nyuzi za mkonge, haihitaji kutambulishwa kwa mtu wa Tanga. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Historia ya mashamba tunayopita njiani kwenda Korogwe na Muheza inaanzia kwenye hiyo michache. Zulia lake lina rangi ya dhahabu iliyofifia, halina manyoya, na ukilikanyaga linakukanyaga nawe.

Mkeka wa plastiki kila mtu anaujua. Kapeti la manyoya nalo karibu kila mara ni nyuzi za plastiki vilevile, ila zimelainishwa na kurefushwa. Kuna pia yale mazulia mafupi ya maua ya Kiajemi yanayofumwa kwa mashine. Mengi hutoka Gaziantep, Uturuki. Ukitaka kujua kama zulia ni la mashine au la mkono, ligeuze utazame mashada ya pembeni. La mkono, mashada ni nyuzi zilezile za zulia zilizotokeza mwisho. La mashine, yameshonewa baadaye kama ushanga kwenye kanzu.

Sasa, kuvilinganisha kwa uzuri ni kazi ya macho yako. Mimi nitavilinganisha kwa ajali, maana ndani ya nyumba ya pwani kitu cha sakafuni hakiishi kwa amani.

Kaa la udi

Alhamisi jioni, chetezo kinapitishwa chumba kwa chumba, mtoto anakimbia, kaa moja linaruka. Nimeshuhudia likiangukia vyote vinne.

Mkeka wa plastiki hutoboka mara moja, na kingo za tundu huwa ngumu na nyeusi. Kila atakayekaa hapo kanga yake itanaswa. Kapeti la manyoya huyeyuka likagandamana kuwa kidonge kigumu kama gamba la kidonda. Unaweza kukikata kwa mkasi, lakini umebaki na upara katikati ya sebule. Katani hupata kovu la kahawia. Likiwa la juujuu, msasa laini hulipunguza.

Ukindu hutoboka pia. Tofauti ni kinachofuata. Fundi hufumua ukili ulioungua, hukata kipande kilichoharibika, huingiza kingine na kushona kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka. Mkeka anaokalia Mama nyumbani una viraka vitatu, kimoja cha zambarau ambapo pangetakiwa kuwa chekundu kwa sababu siku ile nyekundu ilikuwa imekwisha. Ukimuuliza atakuambia kila kiraka ni cha harusi ya nani.

Mchuzi uliomwagika

Hapa plastiki inashinda na haina haja ya wakili. Unaitoa nje, unaimwagia maji, unaisugua, umemaliza. Nyumba yenye watoto watatu chini ya miaka sita wanaokula sakafuni, nunua mkeka wa plastiki wa kulia chakula, na usione haya. Uwe na mwingine wa kukalia wageni.

Ukindu unavumilia ukiuwahi. Futa kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, kisha kikavu. Bizari ya manjano ikigusa chane nyeupe, hiyo ni ndoa ya kudumu. Na maji mengi ndiyo adui yake mkubwa, jambo nililojifunza kwa aibu. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nikataka kumfurahisha Mama kabla ya Idi, nikamwagia mkeka mpya ndoo mbili za maji ya sabuni na kuuanika kwenye jua kali la saa saba. Nyekundu ilihamia kwenye nyeupe, mkeka mzima ukawa wa pinki, na pembe zikajikunja juu kama majani makavu ya mkungu. Mama aliutazama, akaugeuza upande wa pili, akautandika hivyohivyo. Hakusema neno. Ningependa angesema.

Katani ni kitu cha ajabu: hata maji safi huiacha na duara. Usiiweke chini ya meza ya chakula, nakuomba. Kapeti la manyoya nalo hunywa mchuzi mpaka kwenye mizizi, na likishalowa uzito wake unahitaji wanaume wawili kulipandisha ukutani. Kiangazi hukauka baada ya siku mbili. Masika hadithi ni nyingine.

Masika yenyewe

Kuanzia Machi mpaka Mei ndipo simu za lawama zinapoingia, na karibu zote ni za kapeti. Mtu kalinunua Desemba, kwenye kaskazi, hewa kavu, likapendeza. Aprili linanuka kama taulo lililosahauliwa ndani ya begi. Sababu si kapeti kuwa bovu. Sakafu nyingi zetu za saruji hupitisha unyevunyevu kutoka ardhini, na kapeti lenye mpira chini hufunika huo unyevu kama mfuniko wa sufuria. Unyevu hauna pa kutokea. Juu ya marumaru kuna ugonjwa mwingine: mpira wenyewe hulainika kwa joto mwaka hadi mwaka, ukanata, na siku ya kulinyanyua unaacha ramani nyeusi ambayo hata mafuta ya taa huihangaikia.

Ukitaka kapeti na unaishi pwani, chagua lisilo na mpira chini, lenye kitambaa cha kawaida, na ulinyanyue kila baada ya wiki mbili sakafu ipumue. Kama chumba kina kiyoyozi na kinafungwa vizuri, sina neno. Humo kapeti limefika kwao.

Mkeka nao hupata ukungu, tusidanganyane. Vidoadoa vyeusi, hasa pembeni mwa ukuta. Dawa ni upepo: utundike kwenye kamba kivulini asubuhi yenye hewa, upigepige kwa kiganja, uurudishe. Kivulini, nimesema, si juani. Ukiuhifadhi, usiukunje kama shuka, maana chane huvunjika kwenye kunjo na hazirudi. Uviringishe, tena ukiwa mkavu kabisa. Katani iko katikati: haivundi upesi kama kapeti, lakini hutanuka na kujikaza kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika, kwa hiyo zulia lililokatwa sawasawa na ukuta huvimba na kufanya matuta.

Mchanga

Nitapita haraka. Mkeka huruhusu mchanga upenye chini, basi unyanyue na kufagia, umemaliza. Juu yake tumia fagio laini, si la chelewa. Katani hufanya vivyo hivyo lakini inahitaji kupigwa nje. Kapeti la manyoya hukusanya mchanga, makombo, pini na hereni, na bila mashine ya kufyonza vumbi huwezi kuyajua yaliyomo. Mteja mmoja alitukuta tukiligeuza la kwake tulilolichukua kwa ajili ya kusafisha. Alichukua robo saa kuamini kwamba vile vyote vilikuwa vyake.

Mgeni wa kulala

Hapa tunarudi kwenye swali la Mama. Kama kwenu mnakaa chini, watu wakija wanavua viatu, wanajinyoosha, bibi anaegemea mto, na usiku godoro likipungua mtu analala palepale, basi ukindu hauna mpinzani. Hubaki baridi hata feni ikizimika. Mwili haunati. Plastiki hunata kwa jasho, na juu ya marumaru huteleza. Ukiwa na mtu mzima nyumbani, iwekee wavu wa mpira chini yake. Katani usimlalishie mtu usiyemchukia. Kapeti la manyoya ni laini kweli, lakini Februari bila kiyoyozi ni kama kulala juu ya kondoo aliye hai.

Kama mnakaa juu, yaani kuna seti ya makochi na meza ya kioo na hakuna anayegusa sakafu ila kwa nyayo, basi ukindu unauonea. Miguu ya kochi huuvunja, na kila anayevuta kiti anakata chane. Hapo ndipo katani inapong'aa: haijali uzito, haionyeshi njia iliyopitwa sana, na rangi yake inapatana na mbao za mninga na hata zile za kusagwa zinazojifanya mninga. Ofisi, korido, chumba cha kusomea, weka katani. Nyumba yenye paka, fikiri mara mbili, maana ataipenda kuliko wewe.

Ukiwa dukani

Geuza kila kitu. Mkeka mzuri, upande wa nyuma unakaribia uzuri wa mbele, na mshono hauachi mwanga kupita ukiuinua dirishani. Unuse: harufu iwe ya nyasi kavu. Ikiwa na harufu ya pango, uache. Mama ana kipimo chake cha rangi: analowesha ncha ya kanga kwa mate, anasugua chane nyekundu mara tatu, anatazama. Ikiachia kidogo ni kawaida kwa mkeka mpya. Kanga ikigeuka kama imepakwa hina, mzigo unarudi ulikotoka. Wewe njoo na kitambaa cheupe na maji, tutakuelewa.

Kwa kapeti, panua manyoya kwa vidole viwili utazame chini. Ukiona kitambaa cha shina waziwazi, manyoya ni machache na baada ya miezi yatalala upande mmoja. Yavute kidogo pia: yakitoka kwa shada mkononi, lirudishe taratibu na uendelee na safari.

Vitu vingine vilivyoingia

Vikapu viko vya aina tatu na watu huvichanganya. Vya milulu kutoka Iringa husimama vyenyewe, vina rangi ya maziwa na kahawia, na ndivyo vya kuwekea maua ya ndani. Weka sahani chini ya chungu, maana maji yakivuja vinaoza. Vya ukindu ni laini na vya rangi, vinafaa nguo chafu na midoli. Kiondo cha katani kutoka Kenya ni cha kubeba begani zaidi kuliko kupamba, ingawa vikitundikwa vitatu ukutani, kikubwa juu, vinapendeza kuliko saa za ukutani zenye maua ya dhahabu. Hayo ni maoni yangu. Mama anazipenda hizo saa.

Foronya za mito: kanga, kitenge au kikoi? Kitenge ni kizito na kinaficha sufi iliyokusanyika ndani. Kikoi kimefumwa kwa nyuzi zilizotiwa rangi, pande zote mbili sawa, na ndicho ninachompa mtu anayefua kila wiki. Kanga ni nyepesi na huchakaa mapema, lakini ndiyo yenye maneno. Kutoka kwenye kanga moja unapata vipande sita vya foronya za inchi 18, yaani mito mitatu mbele na nyuma. Doti nzima ni mito sita. Tatizo ni jina. Mara nyingi ni refu kuliko mto, na fundi asiyeelekezwa hulikata katikati. Kuna mteja alitaka "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Akapata mto mmoja ulioandikwa "Mgeni njoo" na mwingine "mwenyeji apone". Wa kwanza mtoto wake akauchukua chuoni. Sebuleni umebaki wa pili, na wageni wanauliza kama kuna mgonjwa.

Ukiagiza foronya za kanga, basi, chagua jina fupi, au mwambie fundi afanye mto mrefu wa kuegemea ili jina lote likae.

Wale mtu na mkewe walikaa dukani karibu saa nzima. Ikabainika kwamba sebule yao ina makochi mawili ya zamani ambayo hakuna anayeyakalia. Watu wote hushuka chini televisheni ikiwashwa, mke mwenyewe akiwa wa kwanza. Wakachukua mkeka wa pima mbili kasoro, wenye kahawia na nyeupe bila nyekundu, kwa sababu ndio uliopatana na ile picha ya kwenye simu. Kapeti la kijivu mke hakuliacha. Alinunua dogo la kando ya kitanda, lisilo na mpira, mahali ambapo hakuna mchuzi wala chetezo, na miguu inaligusa mara mbili tu kwa siku. Mume alibeba mkeka begani. Alipofika mlangoni alirudi kuvaa viatu.